Fundi Anajibu: Diski Imejaa na Sijaweka Kitu

Toleo hili nimeliacha lote kwa tatizo moja, manake barua na meseji zilizoingia tangu tulipoachana nyingi zinalia kilio hichohicho, kompyuta inasema imejaa alafu mwenyewe ukimuuliza umeweka nini anakwambia mbona sina kitu. Nawaamini. Nafasi ya diski haipotei hewani, kuna kitu kimeikalia, na kazi ya kwanza siku zote ni kumjua aliyekalia kabla hujaanza kufuta. Kinachoniuma ni kwamba wengi mnaanza na picha za watoto na mafaili ya kazi, vitu ambavyo havirudi, wakati mlaji mkubwa yuko sehemu nyingine kabisa na hata hajaguswa. Twende kwenye maswali.

Fundi habari za kazi. Nimenunua hard disk ya nje, boksi limeandikwa 1 TB, nikaichomeka kwenye laptop inasoma 931 GB. Sijaweka hata wimbo mmoja. Muuza duka anasema ni kawaida, mimi naona nimepigwa. GB 69 zangu ziko wapi?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Mdogo wangu hujapigwa, muuzaji kasema kweli. Kiwanda na Windows wanapima kwa vipimo viwili tofauti. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kwa hiyo 1 TB ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1024, yani kilobaiti moja kwake ni baiti 1024, megabaiti ni hiyo mara 1024 tena, ukifika kwenye GB unapata baiti 1,073,741,824. Chukua kalkuleta ugawe ile trilioni kwa namba hiyo, utaona 931 na kitu. Kwa hesabu hiyohiyo diski ya 500 inasoma 465 na SSD (diski isiyozunguka) ya 256 inasoma 238. Ukiichomeka diski yako kwenye Mac itasoma 1 TB, manake Apple tangu 2009 walihamia kuhesabu kwa elfu. Ukiona 931 tulia, endelea na masomo. Ila diski mpya ya 1 TB ikisoma 850 au 700 hapo kweli uliza, inawezekana kuna partisheni nyingine humo, yani kipande cha diski kilichotengwa, ambayo haijapewa herufi kama D au E.

Habari za majukumu fundi. Laptop yangu ina SSD ya 256 na RAM 16. Wiki iliyopita nilipandishiwa kutoka Windows 10 kwenda 11, sasa C imekuwa nyekundu imebaki GB 4. Nikiselekti mafolda yote ya C nikaangalia ukubwa napata kama 170, wakati diski inasema zimetumika 234. Mafaili yangu ni mitihani na picha za mahafali, hayafiki GB 30. Nimefuta nusu ya picha na haijasaidia kitu.
*Mwalimu wa sekondari, Iringa*

Mwalimu, kwanza simama hapohapo usifute picha nyingine. Kwa nini haijasaidia? Manake ulipozifuta zimeenda Recycle Bin, na kitu kikiwa mle bado kinakaa na nafasi yake yote kwenye diski. Hiyo kwako ni bahati, fungua Recycle Bin uzirudishe zote. Kwenye SSD hili ni la kuzingatia sana, ukishamwaga Recycle Bin Windows inaiambia SSD sehemu zile ziko huru na SSD inaanza kuzisafisha yenyewe, kwa hiyo zile programu za kufufua mafaili zilizokuwa zinafanya kazi kwenye diski za zamani hapa mara nyingi hazipati kitu.

Sasa hesabu yako ya 170 na 234. Unaposelekti mafolda, Windows haikuhesabii mafaili iliyoyaficha wala mafolda usiyo na ruhusa ya kuyafungua. Hiyo tofauti ya GB 64 iko humo. Ili uone kwa macho shusha programu ya bure inaitwa WizTree, au WinDirStat, faili lake ni dogo halitamaliza bando. Muhimu usiifungue kwa kukliki mara mbili tu, kliki kulia uchague "Run as administrator", bila hivyo na yenyewe haitaona yaliyofichwa. WizTree kwa diski ya NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, inasoma ile orodha kuu ya mafaili moja kwa moja kwa hiyo inamaliza ndani ya sekunde chache, alafu inakupangia kuanzia kikubwa kwenda kidogo. Kwa mashine yako natarajia utawakuta hawa.

Wa kwanza ni folda linaitwa Windows.old. Ulipopandishwa kwenda 11, Windows yote ya zamani ilihamishiwa humo ili ukitaka kurudi nyuma uweze, na mara nyingi linazidi GB 15. Ni sawa na mtu aliyehamia nyumba mpya ila bado analipia kodi ya ile ya zamani. Windows yenyewe hulifuta baada ya siku 10, lakini wewe una GB 4 tu huwezi kungoja. ILA kabla hujalifuta ingia ndani yake, kuna folda la Users, lifungue uangalie Desktop na Documents za humo. Nasisitiza kwa sababu baadhi ya mafundi hawapandishi, wanapiga Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufomati, na ukipigiwa hivyo mafaili yako yote yanabaki ndani ya Windows.old. Kuna watu wamepoteza kazi ya miaka hapo, wakijua wanafuta takataka. Ukiona mitihani yako imo, ikopi kwanza kwenye flashi.

Ukishahakikisha, nenda Settings, System, Storage, alafu "Temporary files". Subiri imalize kuhesabu, weka tiki kwenye "Previous Windows installation(s)", na zile za "Windows Update Cleanup" na "Delivery Optimization Files" nazo tia tiki hazina madhara. Kwenye orodha hiyohiyo kuna mstari umeandikwa "Downloads", huo usiuguse. Walimu wengi mitihani mnayotumiwa kwa barua pepe inatua Downloads na inabaki hukohuko miaka, ukitia tiki pale imeenda, na haipiti hata Recycle Bin.

Wa pili ni hiberfil.sys. Hili ni faili ambalo kompyuta inamwagia yaliyomo kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, ikienda kulala usingizi mzito, na kwa kawaida linachukua asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo wewe mwenye 16 linakula kama GB 6 na nusu. Mtandaoni watakwambia uzime kabisa kwa kuandika powercfg /h off kwenye Command Prompt, ile dirisha jeusi la kuandikia amri, iliyofunguliwa kwa administrator. Inafanya kazi, GB 6 zinarudi papo hapo. Lakini mimi kwa mtu wa laptop sipendi, manake betri ikikaribia kuisha wakati umeme umekatika, kitu kinachookoa kazi uliyofungua bila kusevu ni hicho hicho usingizi mzito. Ukizima, betri ikiisha mashine inazimika tu na mtihani wako haupo. Kama betri yako ni nzima na una tabia ya kusevu, zima. Kama sivyo acha. Kwa mwenye kompyuta ya mezani huyo azime bila wasiwasi, au aandike powercfg /h /type reduced, faili linashuka hadi asilimia 20 na kuwaka haraka kunabaki palepale.

Wa tatu ndo huwa simba aliyejificha, folda la System Volume Information. Humo ndo zinakaa restore point, zile nakala za kurudishia mfumo nyuma. Windows inawekewa kiwango cha juu cha nafasi ya kutumia, sasa mtu akiwahi kusogeza kile kimshale mbele sana, mfumo utaendelea kula kimyakimya hadi ufike hapo. Kwenye ile Command Prompt ya administrator andika vssadmin list shadowstorage, itakuonyesha zimetumika ngapi na mwisho ni ngapi. Kupunguza, tafuta "Create a restore point" kwenye Start, chagua C, kliki Configure, rudisha kimshale kwenye asilimia 5 hivi. Usizime kabisa, siku apdeti ikiharibu mashine utaihitaji.

Pagefile.sys utaliona pia, hilo achana nalo, ni msaidizi wa RAM. Na utaona WinSxS ndani ya folda la Windows linasoma GB nyingi za kutisha, tafadhali usilifute kwa mkono, Windows haitawaka tena. Ukubwa wake wenyewe unadanganya, manake mafaili mengi mle ni yaleyale ya System32 yanayoonekana sehemu mbili huku yanachukua nafasi mara moja tu. Ukitaka kulipunguza kwa njia halali andika Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup alafu uiache, inachukua muda, ukiona imesimama kwenye asilimia fulani usiikatishe.

Ukimaliza haya mwalimu, picha zako zinabaki na nafasi ipo. Jitahidi SSD isijae kabisa, ikiwa na asilimia 10 hadi 20 tupu inafanya kazi vizuri na apdeti zinapata pa kushukia.

Fundi mimi ni mpiga video za harusi. Nina C ya 512 na diski ya nje ya 2 TB. Kila nikimkabidhi mteja kazi yake nafuta projekti yote lakini C inazidi kujaa, na ya nje nayo nafuta lakini haipungui. Natumia Premiere.
*Mwanza*

Kaka wewe una matatizo mawili na yote yanatibika leo leo. La C ni hiyo programu yako ya kuhariri video, Premiere. Kila video unayoingiza, Premiere inaitengenezea mafaili yake ya sauti na ya kusomea haraka, na kwa kawaida inayaweka C kwenye AppData, Roaming, Adobe, Common, folda la Media Cache Files, hata kama video zenyewe ziko diski ya nje. Ukifuta projekti yale hayafutiki, yanabaki. Harusi ya masaa manane ya kamera mbili au tatu, zidisha kwa harusi zote za msimu, utaelewa. Fungua Premiere, nenda Edit, Preferences, Media Cache, kliki Delete, na hapohapo kuna sehemu ya kuiambia ifute yenyewe yaliyozidi siku kadhaa, iwashe. Ukifungua projekti ya zamani itayatengeneza upya, utasubiri kidogo tu. Alafu pembeni ya projekti zako tafuta mafolda yanaitwa "Adobe Premiere Pro Video Previews", nayo yanabaki na ni makubwa, kazi iliyokwishakabidhiwa hayana maana tena.

La diski ya nje ni kwamba kila diski ina Recycle Bin yake, imefichwa, inaitwa $Recycle.Bin. Flashi ukifuta imefutika, lakini hard disk ya nje unapofuta vitu vinaingia kwenye bin ya diski hiyo. Ukiwa umeichomeka, mwaga Recycle Bin kwenye Desktop na ya nje inamwagika pia. Ukiimwaga wakati diski iko kwenye begi, vya kwake haviguswi. Na kama huwa unafanyia kazi kwenye Mac ya rafiki, huko napo vinaingia .Trashes, vitu ulivyofutia kwenye Mac vimwage ukiwa kwenye Mac.

Nikuombe jambo moja. Usifute harusi ya mtu siku ya kukabidhi. Tafuta diski moja ya kizamani ya bei nafuu uwe unahifadhia humo angalau mwaka, wateja wanapoteza flashi na wanarudi wakilia, na ile siku hairudiwi.

Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari, naprinti na kutoa kopi. Wateja wanachomeka flashi zao siku nzima. Sasa D yangu nikiifungua naona shotikati tupu, mafolda yote yamekuwa na kimshale na hayafunguki, lakini ukiangalia inasema imetumika GB 80. Kijana mmoja ameniambia tufomati. Mna fomu za wateja na kazi zao humo nifanyeje?
*Mama wa steshenari, Tanga*

Marahaba mama. Usikubali kufomati. Ile GB 80 ndo ushahidi kwamba vitu vyako vipo vyote. Hicho ni kirusi cha shotikati, kinachofanya ni kuyapa mafolda yako alama ya kufichwa na alama ya kuwa ya mfumo, alafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ukikliki shotikati unakiwasha chenyewe. Kwa hiyo kuanzia sasa usikliki shotikati yoyote humo, na mwambie kijana naye asikliki.

Anza na kukiua, ukirudisha mafaili wakati kirusi kiko hai kitayaficha tena dakika hiyohiyo. Hakikisha Windows Security imeapdetiwa, alafu kwenye Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Kompyuta itarestati na kuskani kabla Windows haijawaka, kirusi kikiwa bado hakijaamka. Ikimaliza, fungua Command Prompt kwa administrator uandike hivi ulivyo:

attrib -h -r -s /s /d D:\*.*

Hiyo inaondoa alama za kufichwa kwenye vitu vyote vya D. Itakaa kidogo bila kusema kitu, iache. Hakikisha umeandika D, usije ukaandika C hata siku moja, C ina mafaili yake yanayotakiwa yabaki yamefichwa. Ukifungua D sasa utaona mafolda ya kweli yamerudi karibu na yale ya kimshale, futa ya vimshale tu. Wakati mwingine kirusi hiki kinakusanya kila kitu kwenye folda moja ambalo halina jina kabisa, unaona alama ya folda na chini yake pako wazi. Ukilikuta usilifute, vitu vyako viko humo, yatoe nje kwanza.

Kwa dukani mama, flashi ya mteja ukiichomeka ikliki kulia uiskani kabla ya kuifungua, na ukiweza waambie wakutumie kazi kwa WhatsApp au barua pepe. Na hizo fomu ziwe na nakala pengine palipo mbali na kompyuta ya wateja.

Niaje fundi. Nilinunua desktop ex-UK, jamaa akasema iko na 500GB. Nikifungua This PC naona C ya 119 GB pekee, hakuna D. Fundi wa huku anataka ninunue hard disk ingine. Ni ukweli?
*Nakuru*

Usinunue kitu bado. Kliki kulia kwenye Start uchague Disk Management, angalia ule upande wa chini kabisa ambako diski zimechorwa kama mistari. Hiyo 119 inaniambia kitu, ndivyo SSD ya 128 inavyosoma. Kwa hiyo kuna mambo mawili. Kama unaona Disk 0 peke yake na imeandikwa 119 hivi, basi ndani kuna SSD ya 128 tu, rudi kwa jamaa na risiti yako umuulize 500 iko wapi. Kama kuna Disk 1 ya 465 chini yake, diski yako ipo, haijapangwa tu.

Ikiwa na mstari mweusi na neno "Unallocated", kliki kulia kwenye huo weusi, "New Simple Volume", ufuate maelekezo, unapata D yako bure. Ikisema "Not Initialized" itakuuliza MBR au GPT, namna mbili za kupanga diski, chagua GPT, kwa diski ya 500 zote zinafanya kazi lakini MBR inaishia 2 TB na hakuna sababu ya kujifunga. Ikiwa na mstari wa bluu wenye partisheni isiyo na herufi, hapo subiri, inawezekana ina mafaili ya mwenyewe wa kwanza. Ipe herufi uangalie, na kama ni za mtu zifomati tu, usizisome.

Na ukikuta nafasi nyeusi iko kwenye diski ileile ya C ukataka kuiongezea C, "Extend Volume" itakubali tu kama weusi umegusana na C upande wa kulia. Mara nyingi katikati kuna kipartisheni cha Recovery kimekaa, kwa hiyo kitufe kinakuwa hakibonyezeki. Usikifute hicho ili upate kupita, ndicho kitakachokusaidia Windows ikikataa kuwaka. Fanya ule weusi uwe D, hamishia huko muvi na nyimbo, C itapumua.

Asalaam aleikum. Niko Muscat, nilinunua mtandaoni SSD ya nje ya 16 TB kwa bei ndogo sana, nikaweka video za familia niwapelekee wazee Unguja. Kufika kule nusu ya video hazifunguki. Zinaonekana na ukubwa wake, lakini hazichezi. Kuna namna ya kurudisha?
*Msomaji, Oman*

Waaleikum salaam kaka, pole sana. Hiyo nafasi haijapotea, haikuwahi kuwepo. Ndani ya hizo boksi mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, labda ya GB 64, na chipu yake imechezewa iseme 16 TB. Ukikopi inakubali, inaandika majina na ukubwa, lakini ikishafika mwisho wa nafasi yake halisi vinavyofuata vinatupwa au vinaandikwa juu ya vya mwanzo. Video zisizofunguka hazimo humo. Usiendelee kuandika kitu, kopi zile zinazofunguka uzitoe leo, na zilizobaki zitafute kwenye simu zilizorekodi, usitume bando na pesa kwa mtu anayekwambia atazifufua.

Kwa wote wanaonunua flashi na diski za bei ya ajabu, shusha H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac. Inaijaza diski yote mafaili ya kujaribia alafu inayasoma tena, mwisho inakwambia nafasi ya kweli ni ngapi. Fanya hivyo diski ikiwa tupu, siku uliyoinunua, wakati bado unaweza kurudishiwa hela.

Nina programu inanipigia kelele kila siku eti kompyuta ina makosa 1,400 ya registry nilipie itafute nafasi. Nilipie? Na defrag inaongeza nafasi?
*Kigoma*

Hapana, na hapana. Registry ni daftari la mipangilio ya Windows, na lote zima ni dogo, hata ukiifyeka hupati nafasi ya wimbo mmoja, na ukifyeka vibaya mashine inaugua. Defrag inapanga vipande vya mafaili vikae pamoja kwenye diski za kuzunguka, haiongezi hata baiti, na kwenye SSD hauihitaji. Tena hizo programu zinaingia hadi ndani kabisa ya mashine yako. Mwaka 2017 CCleaner, iliyokuwa inaaminika na wengi, toleo la 5.33 lilichezewa na wadukuzi kabla halijawafikia watu, kompyuta zaidi ya milioni 2 zililipokea. Storage Sense, kisafishaji cha Windows chenyewe, iko ndani bure, iwashe kwenye ukurasa uleule wa Storage, na hiyo ya kelele iondoe.

Ofisi yetu laptop inajaa kwa Telegram na OneDrive. Nilibonyeza "Free up space" nafasi ikarudi, lakini nilipoenda kijijini kukagua vikundi mafaili yakakataa kufunguka!
*Mhasibu wa Saccos, Moshi*

Dada, "Free up space" inatoa faili kwenye laptop na kubakiza jina, lenyewe linabaki kwenye seva. Ukiona alama ya wingu pembeni ya faili jua halipo hapo ulipo, litashuka ukilifungua ukiwa na mtandao. Kwa hiyo kabla ya kusafiri kliki kulia folda la vikundi, chagua "Always keep on this device", usubiri alama igeuke tiki ya kijani iliyojaa, ndo ufunge laptop. Hii njia ni nzuri kwa ofisi yenye intaneti ya kudumu, kwa anayeishi kwa bando inaweza kukugharimu zaidi ya bei ya diski ya nje, kila ukifungua faili lenye alama ya wingu unalinunua upya.

Telegram nenda Settings, Advanced, "Manage local storage", ufute na uweke kikomo. Zile ulizosevu mwenyewe ziko Downloads ndani ya folda la Telegram Desktop, hizo kikomo hakizigusi, zipitie kwa macho.

Mwanangu ana laptop ndogo ya GB 32, Windows 10. Kila apdeti inasema hakuna nafasi, nimefuta kila kitu hadi Office. Nifute nini kingine?
*Mzazi, Unguja*

Usifute tena mzazi mwenzangu, hapo hakuna kilichobaki. Windows yenyewe na apdeti zake zimeshaijaza hiyo 32, na Windows 11 inataka kuanzia 64, kwa hiyo haitapanda. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na hizo laptop ndogo diski yake imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi, hata fundi akikwambia ataongeza muulize ataongezea wapi.

Ningekuwa mimi ningehamisha kazi za mtoto kwenye flashi, niweke Linux Mint, inahitaji GB 20 za diski, RAM ikiwa 4 inatembea vizuri, na LibreOffice inakuja nayo ya kuandikia kazi za shule. Ijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuinstoli, uone kama sauti, kamera na Wi-Fi vinafanya kazi kwenye hiyo mashine. Vikifanya, instoli. Visipofanya, nitumie jina na modeli iliyoandikwa chini ya laptop, tutaangalia nyingine.